Makao makuu yana reli na Bunge, mzunguko bado unakula jua

Tangu Julai 25, 2024, treni ya SGR ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, mashabiki wa soka wa makao makuu wamepata kitu ambacho baba zao hawakukijua. Wanaweza kwenda kuangalia mechi kwa Mkapa bila kuuawa na basi. Ni zaidi ya kilomita 400, na nauli iliyotangazwa mwaka ule kwa daraja la kawaida ilikuwa Sh31,000. Kwa shabiki wa kweli hiyo ni hela ya kujibana wiki mbili, lakini inawezekana.

Wengi wanafuata Simba na Yanga, hilo halina mjadala. Ila ukiwatazama wale wanaofika Temeke kwa mara ya kwanza, utaona jambo. Kabla hata hawajauliza kikosi kinachoanza, shingo zote zimeelekea juu. Simu zinatoka mfukoni, na kinachopigwa picha siyo basi la wachezaji. Ni jengo lenyewe: paa, nguzo, na viti vinavyopanda mpaka macho yanachoka.

Huo siyo ushamba. Wazungu wanalipa kiingilio kutembezwa kwenye viwanja vitupu, siku ambayo hakuna hata mpira wa mazoezi. Uwanja ni jengo kama lilivyo kanisa kuu au Bunge, tena ni jengo ambalo watu wengi zaidi wanalitumia kwa pamoja. Anayetoka Dodoma ana sababu moja zaidi ya kulitazama kwa makini: mji wake unasubiri uwanja wake.

KWA MKAPA, ANZIA JUU

Uwanja wa Benjamin Mkapa ulianza kutumika 2007, ukiwa umejengwa na kampuni ya Kichina ya Beijing Construction Engineering Group, na una viti 60,000. Jina la Mkapa ulipewa 2020 baada ya kifo cha rais huyo wa awamu ya tatu. Kabla ya hapo ulikuwa Uwanja wa Taifa tu. Hapo ndipo Brazil ya Kaka na Robinho ilipoipiga Taifa Stars 5-1 Juni 7, 2010, na bao la Jabir Aziz bado linasimuliwa vijiweni utadhani Stars ndiyo iliyoshinda.

Anayetaka kuuelewa uwanja huu asianzie VIP A. Apande mzunguko, juu kabisa, nyuma ya goli, akae, halafu atazame kichwa cha mtu aliyekaa mbele yake. Anaona mpira? Basi hapo kuna hesabu ya mtu. Wasanifu wa viwanja wanainua kila safu ili macho ya shabiki yapite juu ya kichwa cha aliye mbele kwa sentimita kadhaa. Sentimita tisa zinaonekana kutosha, kumi na mbili ni raha. Tofauti ya sentimita tatu ni ndogo kuliko kidole, lakini ukiizidisha kwa safu zote inaamua jukwaa lote litakuwa refu kiasi gani na litagharimu shilingi ngapi. Ndiyo maana ngazi za juu huwa kali kuliko za chini, mpaka mzee anashuka kameshikilia chuma.

Ukikaa hapo hapo utaona pia kasoro kubwa ya Lupaso, ambayo siyo ya Lupaso peke yake. Kati ya shabiki na mpira kuna njia ya riadha. Njia ya mita 400 yenye mistari minane inataka eneo la urefu wa mita 176 hivi. Uwanja wa soka una urefu wa mita 105. Toa, gawanya kwa mbili: nyuma ya kila goli zinabaki kama mita 35 za kutazama lami nyekundu kabla kiti cha kwanza hakijaanza. Ukiwa juu nyuma ya goli moja na mshambuliaji anafunga goli la upande wa pili, unajua ni bao kwa sababu wenzako wamesimama.

Kwenye vitabu vya fani hii kuna kipimo: jicho la shabiki lisizidi mita 190 kutoka kona ya mbali ya uwanja, maana zaidi ya hapo mpira unakuwa nukta. Viwanja vyenye njia ya riadha vinakula sehemu kubwa ya mita hizo kabla hata shabiki hajakaa.

Pamoja na hayo, nyomi ya kwa Mkapa ina sauti. Bakuli limezunguka pande zote, halina pembe zilizoachwa wazi, na paa jeupe linarudisha chini kelele zinazopanda. Ukitaka kujua thamani ya hilo, toka nje utembee hatua chache mpaka Uwanja wa Uhuru, Shamba la Bibi, ambako bendera ya Tanganyika ilipandishwa Desemba 1961. Viwanja viwili vinapakana, na ukipita kutoka kimoja kwenda kingine miguu yako imevuka zama mbili za ujenzi.

JAMHURI NA MZIGO WA TAIFA

Sasa rudi Dodoma. Uwanja wa Jamhuri ni wa familia moja na Kirumba wa Mwanza, Sokoine wa Mbeya na Sheikh Amri Abeid wa Arusha. Vyote ni mali ya CCM, na vyote vilijengwa kwa hesabu ileile: jukwaa kuu moja lenye paa kwa wakubwa, kisha ngazi za kukalia zinazozunguka, ambazo paa lake ni mbingu. Dodoma Jiji, Walima Zabibu, wamecheza Ligi Kuu wakiwa hapo tangu walipopanda daraja 2020.

Ukubali usikubali, Jamhuri imebeba mambo mazito kuliko viwanja vingi vizuri zaidi yake. Aprili 26, 2018, kwenye sherehe za Muungano, Rais John Magufuli alisimama hapo akatangaza kuwa Dodoma sasa ni jiji. Machi 22, 2021, marais wa Afrika walikaa hapo hapo kumuaga. Uhuru Kenyatta wa Kenya alikuwa akizungumza, adhana ikasikika, akanyamaza mpaka ikaisha, kisha akaendelea. Dunia nzima iliiona picha ile. Jengo lililokuwa nyuma ya picha ni hili hili ambalo Jumamosi mtu anakaa juu ya kipande cha boksi ili asiungue makalio.

Jua la Dodoma linahitaji aya yake. Viwanja vya soka kwa kawaida hulazwa kaskazini kwenda kusini, ili kipa wa upande wowote asipigwe na jua la jioni usoni. Jukwaa kuu huwekwa magharibi, ili wanaokaa hapo jua liwe mgongoni. Anayebaki upande wa mashariki ndiye analipokea jua lote machoni, na mechi zetu nyingi zinaanza saa 10 jioni. Yaani jua kali la jioni limepangiwa mwenye tiketi ya bei ya chini, tangu kwenye karatasi ya mchoro. Dar es Salaam unaweza kulilaumu joto na unyevu. Dodoma hewa ni kavu, mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kivuli kidogo tu kinabadilisha kila kitu. Kaa juani unaungua, sogea mita mbili kivulini unataka sweta. Hakuna mji mkubwa Tanzania ambako paa la uwanja lina faida ya haraka namna hii, na hakuna shabiki wa mzunguko anayelipata.

AHADI YA MFALME

Oktoba 2016, Mfalme Mohammed VI wa Morocco alifanya ziara Tanzania. Rais Magufuli alimwomba, na akatangaza kuwa mfalme amekubali kujenga uwanja mkubwa wa kisasa Dodoma. Katika ziara hiyo hiyo kulikuwa na ahadi ya msikiti Kinondoni, Dar es Salaam. Msikiti umesimama, mtu anaweza kwenda kuswali leo. Uwanja ule wa ahadi haukujengwa.

Tangu wakati huo Dodoma imepata ofisi za wizara, mji wa serikali kule Mtumba, barabara na reli. Uwanja mpya nao umerudi kwenye mipango ya serikali na umekuwa ukitajwa. Wakati huohuo wengine hawakusubiri. Zanzibar iliufumua Uwanja wa Amaan uliojengwa 1970 na kuufungua upya Desemba 2023. Arusha ilipata mkataba wa uwanja wa watu 30,000 Machi 2024, kwa kampuni ya China Railway Construction Engineering Group, kwa ajili ya AFCON 2027 ambayo Tanzania, Kenya na Uganda zilipewa Septemba 2023.

Kuchelewa kuna uchungu wake, lakini pia kuna nafasi ndani yake. Aliyechelewa kujenga anaweza kutazama makosa ya waliotangulia. Hatari iliyopo ni kwamba Dodoma ikaletewa uwanja wa kunakili, mchoro uliokwisha kutumika kwenye mji wa pwani au nchi ya baridi, ukabadilishwa rangi ya viti na kuwekwa picha ya zabibu getini.

TEMBE LINAJUA KULIKO KATALOGI

Wenzetu wamekuwa wakiuliza swali hili: jengo hili lifanane na nini cha hapa? Soccer City ya Johannesburg, ilikochezwa fainali ya Kombe la Dunia 2010, ina sura ya kibuyu. Al Thumama ya Doha, iliyofunguliwa 2021 kwa ajili ya Kombe la Dunia la 2022, imechukua umbo la kofia inayovaliwa na wanaume wa Kiarabu, na yeyote aliyezoea kofia ya mwambao ataitambua kwa mbali. Tena hata hapa nyumbani SGR imefanya hivyo: kituo cha Dar kimechorwa kwa wazo la tanzanite, cha Morogoro milima ya Uluguru, na cha Dodoma majabali yanayouzunguka mji huu.

Majabali ni mazuri kwa sura. Kwa kazi ya uwanja, Dodoma ina mwalimu bora zaidi, nalo ni tembe la Wagogo. Kabla mabati hayajaenea, nyumba ya hapa ilikuwa fupi, ukuta mnene wa udongo, paa la bapa lililofunikwa udongo, na vyumba vimepangwa kuzunguka ua ambamo ng'ombe hulala. Nje hakuna kitu cha kushangaza. Ukiingia ndani, upepo umekatika, vumbi limebaki nje, ubaridi upo. Sasa toa ng'ombe, weka nyasi na magoli mawili. Vyumba vinavyozunguka ua ni majukwaa. Hiyo ndiyo bakuli ambayo wasanifu wa viwanja huifikia baada ya michoro mingi.

Somo la kwanza la tembe ni ufupi. Kiwanja kikizamishwa mita kadhaa ardhini, safu za chini zinakaa chini ya usawa wa barabara, jengo halihitaji kunyanyuka sana, na pepo za kiangazi zinapita juu badala ya kuingia ndani. Aliyewahi kuona krosi ya Jamhuri mwezi Agosti ikianza kama krosi na kuishia kama goal kick hahitaji kuelezwa zaidi. Somo la pili ni pembe. Uwanja wenye majukwaa manne yaliyoachana pembeni ni bomba la upepo. Ukifunga pembe, mpira unatulia na sauti inabaki.

Lakini ukifunga kupita kiasi unaua nyasi. San Siro ya Milan iliongezewa jukwaa la tatu na paa kwa ajili ya Kombe la Dunia 1990, halafu miaka iliyofuata nyasi zikasumbua vibaya kwa kukosa jua na hewa. Kwa Dodoma jua lipo la kutosha, kinachotakiwa ni mianya ya hewa chini ya paa. Na paa lenyewe lishikiliwe chini kwa nguvu, siyo kubebwa tu kutoka chini, maana upepo ukiingia chini yake unalinyanyua kama bawa la ndege. Fundi yeyote aliyewahi kufukuzia bati lililong'oka Dodoma analijua hilo bila kusoma.

Halafu maji. Mji huu umeishi miaka mingi kwa kutegemea visima vya Mzakwe, na mvua zake ni za msimu mmoja, kama milimita 550 kwa mwaka. Chukua paa la uwanja lenye ukubwa wa mita za mraba 20,000, ambalo kwa uwanja wa kati siyo kubwa. Mvua ya mwaka ikidondoka juu yake ni lita milioni 11. Kiwanja cha mita 105 kwa 68 kikimwagiliwa milimita sita kwa siku ya kiangazi kinakunywa karibu lita 43,000. Piga mwenyewe: ni zaidi ya siku 250 kwenye karatasi. Toa yatakayovuja na kukauka, bado ni miezi mingi ya nyasi kijani bila kugombea bomba na mama wa Chang'ombe anayesubiri zamu yake ya maji. Tangi likipangwa kwenye mchoro tangu mwanzo, linakaa chini ya jukwaa na hakuna anayeliona. Likija kufikiriwa baadaye, halijengwi.

RIADHA IPEWE NYUMBA YAKE

Litakuja tu suala la njia ya kukimbilia. Viongozi wanaipenda kwa sababu inaruhusu gwaride la sherehe za kitaifa, na Dodoma kama makao makuu itazidaiwa sherehe kila mwaka. Hapa inabidi kuchagua. Nairobi wamechagua: uwanja wa Talanta wa watu 60,000, kule Jamhuri ya kwao barabara ya Ngong, ni wa mstatili na hauna njia ya riadha. Kiti cha kwanza kiko karibu na mstari.

Nchi iliyomtoa Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch 1974, haiwezi kuidharau riadha, na wakimbiaji wa kanda hii wanastahili njia nzuri. Ila wapewe uwanja wao mdogo jirani, wenye jukwaa la watu elfu chache, ambako wataonekana wao. Kuwaweka kwenye ukingo wa uwanja wa soka ni kuwanyima wote wawili. Gwaride linaweza kubaki Jamhuri, ambayo imeshalizoea.

MITA 57

Mambo yote hayo yanaweza kujadiliwa kwa utani kijiweni. La kutoka uwanjani halina utani.

Machi 21, 2021, siku moja kabla ya maombolezo yale ya Jamhuri, watu walijazana Uwanja wa Uhuru kumuaga Rais Magufuli. Kwa mujibu wa polisi, 45 walikufa kwenye msongamano. Mei 28, 2023, kwa Mkapa, siku Yanga wanaikaribisha USM Alger kwenye fainali ya kwanza ya Kombe la Shirikisho, shabiki mmoja alipoteza maisha na wengine wakaumia kwenye msukumano. Hawa walikuwa watu waliovaa vizuri asubuhi, wakaaga nyumbani.

Usanifu wa uwanja unaanzia hapo kuliko kwenye paa. Mwongozo wa usalama wa Waingereza, walioandika kwa machungu ya misiba yao, unataka watu wote waweze kutoka kwenye majukwaa ndani ya dakika nane. Unahesabu pia kwamba kwenye ngazi, kila mita moja ya upana inapitisha watu 66 kwa dakika. Uwanja wa watu 30,000 kama wa Arusha unatakiwa kupitisha watu 3,750 kila dakika. Gawanya: zinatakiwa ngazi zenye jumla ya upana wa mita 57, zimesambazwa pande zote, na mageti ya nje yasiyo membamba kuliko ngazi zinazoyalisha. Geti moja likifungwa kwa kufuli ili tiketi feki zisipite, hesabu yote imekufa, hata kama mlango ni wa kioo kutoka Ulaya.

Mchoro wa uwanja mpya wa Dodoma ukibandikwa mahali watu wanapouona, mashabiki wengi watatazama picha ya rangi, ile yenye taa za usiku na magari yanayong'aa nje. Waombe na karatasi ya pili, ile isiyo na rangi, inayoonyesha ngazi na mageti. Mita 57 zinapimika kwa rula ya mwanafunzi. Wakiwa nayo hiyo karatasi, watafute alama ya kaskazini, waone jua la saa 10 linaangukia nani, na kama paa limefika mpaka kwake.

Kwa sasa Walima Zabibu wako Jamhuri. Mechi ya Simba au Yanga ikija, anayetaka kivuli bila tiketi ya jukwaa kuu aje na mwavuli, na aukunje mpira ukianza, maana wa nyuma yake naye amelipa.